Walipokimbilia Nyasini

Nikiwa kijana wa rika lenu kuna swali lililoninyima usingizi karibu msimu mzima, na halikuwa swali gumu. Bosi wangu aliniuliza: "Watu wa Gumbo wako tayari kwa moto, au hawako tayari?" Alitaka neno moja. Mimi nilikuwa na shahada, kwa hiyo sikuwa na neno moja.

Mmeniomba, ninyi mnaoanza kazi ya kuandaa watu kwa majanga, niwaandikie yale niliyojifunza kabla sijaacha kazi hii kwa sababu ya magoti. Nitawasimulia msimu wa kwanza tu. Misimu iliyofuata nilikuwa najua ninachofanya, na mtu anayejua anachofanya hana mengi ya kusimulia.

Ilikuwa Juba, miaka ile ya mkataba wa amani, kabla ya kura ya kujitenga. Mji ulikuwa umejaa mahema na makontena, na watu walilipa pesa nyingi kulala ndani ya yote mawili. Mimi nililala kwenye kontena mtaa wa Atlabara. Lilikuwa na tundu la kuwekea mashine ya kupoza hewa, na tundu hilo lilikuwa zuri sana, lilikatwa kwa ustadi, ila mashine haikuwahi kufika. Wakenya wenzangu wengi walikuwa benki na mahotelini. Jumapili tulipokutana baada ya misa kule Kator waliniuliza ninafanya kazi gani. Nikijibu kwamba ninafundisha watu kujiandaa kwa moto wa nyasi, walitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Nawaeleza pia nilivyokuwa, ili msije mkadhani kazi hii inataka watu majasiri. Nilikuwa mtu wa kufunga kufuli, kwenda, kurudi kuangalia kama nimelifunga, kisha kulifungua ili nihakikishe kwamba linafungika. Asubuhi nilichelewa kazini kwa sababu hiyo. Bosi wangu, Mkenya mwenzangu tuliyemwita Madam Wairimu, aliwahi kuniambia, "Wewe ukizama mtoni, utafika chini bado unalinganisha njia za kuogelea." Hakuwa anatania. Madam Wairimu hakuwa mtu wa utani.

Eneo langu lilikuwa Gumbo, ng'ambo ya daraja, kwenye barabara ya kwenda Nimule. Kando ya barabara kulikuwa na vibanda vya biashara. Nyuma ya vibanda kulikuwa na nyumba za watu waliokuwa wamerudi kutoka ukimbizini, tukul za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi mpya. Nyuma ya nyumba kulikuwa na nyasi zenyewe, ndefu kuliko mwanamke aliyebeba maji kichwani, mpaka kwenye khor, lile korongo linalopitisha maji wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Kila kiangazi nyasi zile ziliungua. Wawindaji waliziwasha, au wachoma makaa, au mtu aliyetupa sigara kutoka kwenye lori. Upepo wa kiangazi ulivuma kutoka upande wa khor kuelekea kwenye nyumba. Kulielewa tatizo hili hakuhitaji shahada, jambo ambalo liliniumiza kidogo.

Nyumba ya mwisho kabisa, iliyogusa nyasi, ilikuwa ya Mama Poni. Alikuwa ameishi miaka mingi kambini Kenya na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi ya binamu zangu. Aliishi na mama yake, ambaye kila mtu alimwita Haboba, yaani nyanya, kwa Kiarabu cha Juba. Haboba hakuweza kutembea mbali na hakuwa na haraka ya kumpenda mtu.

Kamati yangu ya moto iliongozwa na Okello, Mganda aliyeuza petroli kando ya barabara. Aliiuza kwenye chupa za maji ya kunywa, zimepangwa juu ya meza, zikimeta juani. Alichaguliwa mwenyekiti kwa sababu mkutano ulifanyika kwake na yeye peke yake ndiye aliyekuwa amekaa. Nilimwita pembeni nikamuuliza, kwa heshima, kama haoni jambo la ajabu katika uteuzi wake.

"Ustaz," akasema, yaani mwalimu, "hapa Gumbo yote, nani anaogopa moto kushinda mimi?"

Nilikwenda nikalifikiria jibu hilo siku mbili. Bado nalifikiria.

Sasa niwaambie habari ya namba ya simu, kwa sababu ninyi pia mtaandika namba ya simu mahali. Kitabu cha mafunzo nilichopewa kiliandikwa kwa ajili ya mji fulani wenye mabomba ya maji kila kona. Kilisema: "Piga simu zimamoto," kisha kikaacha nafasi ya kujaza namba. Niliuliza huku na huko, sikupata namba ya kujaza. Basi nikajaza yangu. Nilimlipa mchoraji akaiandika kwa rangi nyekundu kwenye ubao mkubwa pale kwenye vibanda, chini ya maneno MOTO! PIGA HAPA. Nikaanza kulala na simu kifuani.

Wiki zikapita, simu haikulia. Nikamwambia Madam Wairimu kwamba hakuna tukio. Akafurahi, kwa namna yake ya kufurahi, ambayo ilikuwa kutosema kitu.

Kumbe Juba ya wakati ule ilikuwa na mitandao ya simu isiyoongea. Mmoja ulitumia namba kama za Uganda, mwingine kama za Khartoum, na mwenye laini ya huu hakuweza kumpigia mwenye laini ya ule hata kama wamekaa benchi moja. Ndiyo maana watu wa maana walitembea na simu mbili. Mimi nilikuwa na moja. Okello ndiye aliyeniambia, siku moja tunakunywa chai.

"Hii namba yako ni ya Khartoum. Hapa Gumbo sisi yote iko kwa laini ya Uganda."

"Na hukuniambia wiki zote hizi?"

"Mimi nilifikiri ni ya watu ya Khartoum. Kama nao wanaona moto yetu kutoka huko."

Nilinunua simu ya pili na mchoraji akarekebisha ubao. Kuanzia hapo nilipigiwa sana. Nilipigiwa kuulizwa kama daraja limefunguliwa. Nilipigiwa na mtu aliyepoteza mbuzi, na akapiga tena kunijulisha amempata, jambo lililonigusa. Somo lenyewe ni dogo: ukishaandika namba ya msaada, simama chini ya ubao, omba simu ya mpita njia yeyote, uipige. Usitumie simu yako. Simu yako inakupenda.

Halafu ndoo. Tuligawa ndoo nyekundu zilizojaa mchanga, moja kila nyumba. Nilipopita baadaye nikakuta ndoo ya Mama Poni ina maji na mtoto wa jirani anaogeshwa ndani yake. Mchanga ulikuwa umemwagwa kwa adabu pembeni ya mlango, na watoto wameambiwa wasiuchezee kwa sababu ni mchanga wa ofisi.

"Mama Poni, hii ndoo ni ya moto."

"Najua. Moto ukija nitamtoa mtoto."

Nikamweleza umuhimu wa chombo cha dharura kukaa tayari muda wote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ustaz, ukitaka ndoo ikae bure, ulete ndoo mbaya. Hii ni nzuri."

Nilikasirika siku nzima. Baadaye nilipita nyumba hadi nyumba nikakuta kila ndoo ina maji, kwa sababu kila ndoo ilikuwa na kazi. Kama zingebaki na mchanga, zingekuwa zimekaliwa na kuku. Tangu hapo sikugawa tena chombo ambacho mtu hawezi kukitumia siku ya kawaida.

Hayo yote yalikuwa madogo. Kubwa lilikuja na filimbi.

Mpango wa mazoezi ulikuwa hivi. Ningepuliza filimbi mara tatu. Wanawake wangechukua ndoo na kwenda ukingoni mwa nyasi, wanaume wangekata matawi ya mwarobaini ya kupigia moto, wazee na watoto wangekwenda barabarani, kwenye uwazi. Nilieleza yote hayo Ijumaa, Mama Poni akitafsiri kwa Kiarabu cha Juba. Watu wakaitikia. Niliuliza kama kuna swali. Mtu mmoja akauliza kama kutakuwa na soda. Nikasema itakuwepo.

Jumamosi asubuhi nikasimama katikati ya nyumba, nikapuliza.

Wanaume wawili waliokuwa wakitengeneza baiskeli wakalala kifudifudi pale pale. Mwanamke aliyekuwa anakoroga chungu akauacha mwiko ndani, akanyakua mtoto wake na wa jirani. Mama Poni akaingia ndani, akatoka na Haboba mgongoni. Hakuna aliyepiga kelele, hata watoto hawakulia. Wote wakakimbia upande mmoja, wakaingia nyasini, na nyasi zikajifunga nyuma yao. Wale wawili wa baiskeli nao wakatambaa, wakapotea.

Nikabaki peke yangu katikati ya Gumbo na filimbi mdomoni. Vyungu vilikuwa vinachemka. Okello, mwenyekiti wa kamati, alikuwa chini ya meza yake ya petroli.

Nilipaza sauti kwamba ni mazoezi, kwamba mambo yamekwisha, watoke. Hakuna aliyetoka. Nilirudia kwa Kiarabu changu kibaya. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hayo ndiyo maneno ambayo mtu yeyote mwenye nia mbaya angeyasema. Mwishowe kilichowatoa ni harufu ya maharagwe yaliyoanza kuungua. Mama Poni akajitokeza kwanza, mama yake bado yuko mgongoni, nyasi zimemshika kwenye nywele.

"Ustaz, ulipuliza ili tufanye nini?"

"Mchukue ndoo. Tuliongea jana."

"Jana, ndiyo. Jana nilielewa vizuri." Akamtua Haboba kwenye kigoda chake. "Lakini leo hukuongea. Leo ulipuliza. Miaka ishirini sisi tukisikia filimbi, au ndege, au mtu anakimbia, tunajua pa kwenda. Mtoto anajua kabla hajajua kula."

Haboba akasema kitu kifupi. Watu wa karibu wakacheka.

"Anasema nini?"

"Anauliza soda iko wapi."

Tulikunywa soda. Watu walikuwa wachangamfu, waliongea kuhusu nani alikimbia vizuri. Wale wa baiskeli walichekwa kwa sababu walitambaa polepole. Mimi niliishika yangu bila kuifungua. Nilikuwa nimeona jamii iliyojiandaa kwa janga kuliko jamii yoyote niliyoisoma chuoni: bila kiongozi na bila kelele walihama wote, na hakuna mzee aliyesahauliwa. Walikuwa wamejiandaa kikamilifu kwa janga lingine. Na siku moto utakapokuja kutoka khor, na mtu akapiga ukunga, miguu ile ile itawabeba wote kwenda kuupokea.

Nilijaribu tena na dumu tupu badala ya filimbi. Nusu walikimbilia nyasini. Nikajaribu mtu wa kupita akisema kwa upole, "Kuna moto." Kwa upole huo hakuna aliyeinuka. Mvua zilikuwa zimekatika na nyasi zilianza kubadilika rangi juu. Madam Wairimu akaniita ofisini.

"Wako tayari au hawako tayari?"

"Inategemea, madam."

"Inategemea nini?"

"Inategemea tayari kwa nini."

"Nenda ukafikirie," akasema, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulazimika kuniambia.

Nilichofikiria kilikuwa hiki. Miguu haibadiliki kwa msimu mmoja. Kama siwezi kuwatoa watu kwenye nyasi, nizitoe nyasi kwa watu. Kuna moto wa mapema, ambao nilikuwa nimeujibia mtihani na kupata alama nzuri: unachoma nyasi zikiwa bado na ubichi chini, kipande kwa kipande, jioni, ili moto utambae badala ya kukimbia. Kiangazi kinapokomaa, moto mkubwa unapofika unakuta ardhi nyeusi na hauna cha kula. Watu wa Gumbo nao walijua kuchoma. Ila kila mtu alichoma siku yake, kwa upepo wowote, na kwa kawaida walichoma kwa ajili ya ndezi, yule panya mkubwa wa nyasi mwenye nyama nzuri. Kwa ndezi unawasha moto ukimbie na upepo. Kwa nyumba unataka kinyume chake kabisa.

Tatizo lilikuwa kwamba ofisi yetu haikuwasha moto. Ilipinga moto. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebandika mabango USIWASHE MOTO kwenye kila kibanda, na gundi nzuri. Nikalala macho nikihesabu yanayoweza kuharibika. Upepo ungeweza kugeuka. Petroli ya Okello. Mabomu ya vita ambayo huenda yalibaki nyasini. Gumbo ilikuwa na mawe yaliyopakwa rangi na wategua mabomu, mekundu upande wa hatari, meupe upande salama. Nyumba ya Mama Poni ingeweza kuungua kwa kiberiti changu, na Haboba ndani yake. Nisipowasha na ikaungua mwezi wa pili, itakuwa imeungua kwa kiberiti cha mtu mwingine, nami nitakuwa na barua ya sifa. Nililizungusha hilo kichwani mpaka mfukoni mwangu kiberiti kikawa kizito.

Kwanza nilikwenda kwa mtegua mabomu mmoja. Nikamuuliza kama upande wa mawe meupe, kati ya nyumba na khor, ni salama. Akasema ni salama, wamesafisha. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Nilipouliza mara ya tatu alivua kofia yake ya chuma, akanipa, akasema nikalale nayo.

Kisha nikaenda kwa Madam Wairimu. Nikamweleza kila kitu. Aliendelea kuandika.

"Madam, naomba ruhusa."

"Sijasikia swali."

"Nimeuliza kama ninaweza kuwasha..."

"Kijana. Ukirudia, nitalazimika kusikia."

Nilibaki nje ya mlango wake nikijaribu kutambua kama hiyo ni ndiyo au hapana. Fundi wa jenereta alipita, akaniuliza kama ninaumwa.

Kamati ilikubali haraka. Vijana walikubali kwa sababu ya ndezi, na tukagombana kuhusu upepo mpaka Okello akaamua: ndezi watakaotoka upande wa khor ni wao, lakini moto unaanzia upande wa nyumba. "Mimi ni mwenyekiti," akasema, "na kama moto inakuja kwa petroli yangu, hakuna mtu itakula ndezi. Ndezi ndiyo itakula sisi." Wanawake waliouza nyasi za kuezekea waliomba wapewe siku za kukata kwanza, wakapewa.

Haboba alikataa.

Alikuwa mlangoni anamenya karanga. Mama Poni alitafsiri bila kumwangalia yeyote kati yetu.

"Anauliza, hii amani uliileta wewe?"

"Hapana, mama."

"Basi ikiondoka, wewe utajuaje?"

Nikasema sitajua.

"Anasema, yeye atajua. Na akijua, atajificha wapi? Kwenye bango lako?"

Sikuwa na jibu, na nawaomba ninyi pia msiwe nalo. Wenzangu wengi wangemwambia vita vimekwisha. Mimi sikuwa na hakika hata na kufuli langu. Nikamuuliza tu alikuwa anajificha sehemu gani hasa. Akanyoosha kidole chenye ganda la karanga. Ng'ambo ya khor, mahali ambapo ardhi inainama. Hakuna aliyewahi kumpata pale.

"Basi pale hatuchomi," nikasema. "Tunachoma upande huu tu, mpaka khor. Pale panabaki pako."

Akamenya karanga nyingine. Mama Poni akaingia kwa sauti yake mwenyewe. "Na mimi ndiye ninayembeba. Nyasi zikiwa ndefu sioni chini, ninajikwaa. Pakiwa peupe nitafika haraka."

Haboba akamjibu kwa ukali.

"Anasema nini?"

"Anasema siku zote nambeba vibaya."

Wakaendelea hivyo kwa muda, mama na binti, na nikaelewa kwamba haikuwa mara ya kwanza. Mwishowe Haboba akarudi kwangu. Alikubali, kwa sharti moja.

"Anasema uwashe wewe. Siyo vijana. Siyo Okello. Wewe, kwa mkono wako, hapa mbele ya mlango wake. Anasema umekuwa ukizunguka hapa tangu mvua na hajakuona ukifanya kitu kwa mkono."

Nikasema nitafikiria. Mama Poni hakulitafsiri hilo.

Kuhusu siku ya kuchoma, shikeni hili, kwa sababu halimo vitabuni. Vunja bua la nyasi karibu na sikio. Likikunjika bila sauti, subiri. Likilia kama biskuti, umechelewa, nenda nyumbani ukaombe. Unataka bua linalolia juu na kukunjika chini. Siku hizo ni chache na hakuna anayekutangazia. Kwa wiki nzima nilikuwa nikivunja mabua huko Gumbo, asubuhi na jioni, nimeinama, na watu walianza kunipita wakisema "tamam, ustaz?", yaani uko sawa, kwa sauti wanayotumia kwa wagonjwa. Kisha jioni moja bua likalia juu, likakunjika chini. Nikavunja mengine mengi zaidi ya yaliyohitajika. Nikamwambia Okello: kesho.

Kesho yake jua lilipopungua ukali, walikuwa wote pale. Wanaume walikuwa wamelima ukanda kwa majembe, ardhi tupu mbele ya nyumba zote, pana kuliko nilivyoomba. Wanawake walisimama kwenye ukanda huo na magunia yaliyoloweshwa, ndoo nyekundu miguuni, na maji yamejaa. Wanaume walikuwa na matawi ya mwarobaini. Vijana na mbwa wao walikuwa mbali, ng'ambo ya khor, pembeni mwa sehemu ya Haboba, wakijifanya wamekuja kwa ajili ya usalama. Okello alikuwa amehamisha petroli yote kuvuka barabara, chupa kwa chupa, kisha meza, kisha kiti. Halafu akarudi na kiti.

Haboba alikataa kupelekwa barabarani. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pake, mikono mapajani.

"Mwambie ni kwa muda mfupi tu," nikamsihi Mama Poni.

"Nimemwambia. Anasema amekimbia vya kutosha. Leo anakaa aone."

Mama Poni akasimama mbele ya mama yake na gunia lake bichi. Kwenye mkono wake gunia lilikuwa linadondosha maji kwenye mchanga wa ofisi, ambao bado ulikuwa pale pale.

Nilipiga magoti ukingoni mwa ukanda. Nikachukua vumbi kidogo nikalirusha juu, likaja usoni kwangu. Upepo ulikuwa unatoka khor, mwepesi, kama ilivyotakiwa: moto ungetambaa kinyume chake, kuondoka kwenye nyumba. Nikarusha tena, likaja tena usoni. Nikarusha mara nyingine. Mtu nyuma yangu akakohoa.

Simu ikalia mfukoni. Ile ya pili, ya laini ya Gumbo.

"Niko na watu hapa wanataka jibu," Madam Wairimu akasema. "Wako tayari au hawako tayari?"

Nikageuka nikawaangalia. Mwanamke aliyeacha mwiko ndani ya chungu siku ya filimbi alikuwa amejifunga kanga mara mbili kiunoni, watoto wawili wamesimama nyuma yake. Wale wa baiskeli walikuwa wamesimama wima, bega kwa bega, matawi mkononi. Nilijua kabisa kwamba mtu akipuliza filimbi wakati ule wote wangetoweka. Nilijua pia kwamba hakuna aliyekuwa na filimbi. Nilikuwa nimeiacha kwenye kontena, na nilikuwa nimerudi mara mbili kuhakikisha nimeiacha.

"Nitakuambia usiku, madam."

"Kwani uko wapi?"

"Gumbo."

"Unafanya nini?"

"Ukiuliza tena," nikasema, "nitalazimika kujibu."

Akakata, na mpaka leo naamini ulikuwa utani wake wa kwanza.

Nikatoa kiberiti. Njiti ya kwanza haikuzimwa na upepo. Iliisha nikiwa bado ninaiangalia. Haboba akasema kitu nyuma yangu. Watu hawakucheka. Sikuomba tafsiri. Nikawasha ya pili, nikaifunika kwa kiganja, nikaiinamisha kwenye shina la nyasi, pale penye ukavu juu na ubichi chini, nikaishikilia mpaka nyasi zikashika na kidole kikaungua.